Mcheza Kwao Hutunzwa: Hoja Juu ya Albamu ya Dookie na Neno "Usaliti"

Liko neno moja linalotumiwa kwa wepesi mno katika mazungumzo juu ya sanaa, nalo ni neno usaliti. Msanii akiwa maskini, akiimba bure arusini na kurudi kwake na njaa, huitwa msanii wa watu. Siku atakapolipwa, hata kama wimbo wake haukubadilika neno moja, huitwa msaliti. Fikra hii tumeisikia katika vyumba vya walimu, tumeisoma katika insha za wanafunzi, na tumeiona ikisifiwa kana kwamba ndiyo uzalendo wenyewe. Sisi tunasema kwamba fikra hii ni potofu, tena ina madhara. Humfanya msanii aone haya kuuliza habari za malipo yake, na aonaye haya kuuliza ndiye wa kwanza kunyonywa.

Ili hoja yetu isielee hewani, tutachukua mfano mmoja na kuuchambua hadi mwisho. Tumeuchagua mfano wa mbali kwa makusudi. Katika jambo la jirani, mapenzi na chuki hutangulia na hoja hufuata nyuma ikichechemea. Katika jambo la mbali twaweza kutazama kwa macho makavu. Mfano wetu ni albamu ya Dookie ya bendi ya Kimarekani iitwayo Green Day, iliyotolewa tarehe 1 Februari 1994, pamoja na ugomvi uliozuka kwa sababu yake.

Rodeo ni mji mdogo wa jimbo la California, kando ya ghuba ya San Francisco, wenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Huko ndiko alikokulia Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpigaji gitaa wa bendi hiyo. Baba yake alikuwa dereva wa lori na mpigaji wa muziki wa jazi. Alifariki mwaka 1982, mtoto akiwa na umri wa miaka 10. Mama yake alikuwa mhudumu wa mkahawa. Kijana huyo na rafiki yake Mike Dirnt, mpigaji wa gitaa la besi, waliunda bendi mwaka 1987. Mpiga ngoma Tré Cool alijiunga nao mwaka 1990. Hawakuwa watoto wa mabwanyenye. Walizunguka nchi yao ndani ya gari kuukuu lililokuwa zamani maktaba ya kutembea, likiendeshwa na baba yake Tré Cool.

Muziki wao ni ule uitwao panki: nyimbo fupi, mwendo wa haraka, magitaa yenye kukoroma, na maneno yasiyopambwa. Lakini wao waliutia panki sauti tamu za kuitikiana, hata mtu akisikia wimbo mara moja huondoka akiuimba. Ndiyo maana mtindo wao ukaitwa panki ya popu.

Katika mji wa Berkeley, si mbali na kwao, palikuwa na ukumbi ulioitwa kwa anwani yake, 924 Gilman Street. Ulifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1986. Aliyeingia alikuwa mwanachama. Kazi za mlangoni, za usafi na za vyombo vya sauti zilifanywa na watu wa kujitolea, na mambo yaliamuliwa mkutanoni. Pombe, ugomvi na ubaguzi wa rangi vilipigwa marufuku. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Tim Yohannan, aliyeliongoza jarida la Maximum Rocknroll hadi alipofariki mwaka 1998. Msomaji anayeyajua mafundisho ya ujamaa na kujitegemea hatashindwa kuutambua moyo uliokuwa ndani ya ukumbi ule. Vijana waliona kwamba wakubwa wa biashara hawawajali, wakajijengea jukwaa lao kwa mikono yao. Jambo hilo tunalisifu, wala hatuna kinyongo nalo.

Pamoja na ukumbi palikuwa na kampuni ndogo ya santuri, Lookout! Records, iliyoanza kazi mwaka 1987 chini ya Larry Livermore na mwenzake. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa albamu mbili za kwanza za Green Day, yaani 39/Smooth ya mwaka 1990, na baada yake Kerplunk. Santuri hizo zilikwenda mbali kuliko ilivyotazamiwa, na makampuni makubwa yakaanza kubisha hodi. Mwaka 1993 bendi ikatia saini na Reprise, kampuni iliyo chini ya Warner.

Ukumbi wa Gilman ulikuwa na sheria kwamba bendi iliyojiunga na kampuni kubwa isipande jukwaani pake. Sheria ikatekelezwa. Green Day walipiga muziki pale kwa mara ya mwisho mwezi Septemba 1993, kisha mlango ukafungwa. Armstrong alikuwa hajatimiza miaka 22. Uchungu wa kufukuzwa haukumtoka upesi, kwani katika albamu iliyofuata, Insomniac ya mwaka 1995, umo wimbo uitwao "86" ambao habari yake ndiyo hiyo.

Sasa tuyasikilize mashtaka, maana si haki kumhukumu mshtaki bila kumsikiliza naye. Walioufunga mlango walisema hivi. Makampuni makubwa hayajengi ukumbi, hayafundishi vijana kupiga gitaa, wala hayawalishi wanapoanza. Yanangoja watu wapande, wapalilie, kisha yanakuja na magunia wakati wa mavuno. Anayetia saini nayo anawafungulia ghala. Na kweli, baada ya Dookie kushika soko, mawakala wa makampuni walimiminika kutafuta bendi za namna ile, wakazichukua nyingi. Zile ambazo hazikuuza upesi zilitupwa kama maganda ya muwa. Katika hilo washtaki walikuwa wameona vizuri.

Walipokosea ni pale walipouliza swali lisilofaa. Waliuliza: kampuni hii ni kubwa au ndogo? Swali lililofaa lilikuwa: mkataba huu unasema nini?

Tuanze na kazi yenyewe. Ikiwa Dookie ni usaliti, basi tuonyeshwe kilichosalitiwa. Albamu ilirekodiwa palepale Berkeley, chini ya mtayarishaji Rob Cavallo. Picha ya jalada ilichorwa na Richie Bucher, msanii wa jumuiya ileile, naye alichora mitaa ya Berkeley yenyewe ikiwa katika ghasia. Wimbo "Welcome to Paradise", unaohusu kijana anayeanza maisha peke yake katika mtaa wa mafukara, ulikuwa umekwisha kutolewa katika Kerplunk. Katika Dookie ulirudiwa kwa vyombo bora. Tunauliza: wimbo uleule ulikuwaje wa kweli ulipouzwa na kampuni ndogo, ukawa wa uongo ulipouzwa na kampuni kubwa? Hata jina la albamu ni neno la utani la watoto lenye maana ya kinyesi, jina ambalo mchuuzi mwoga asingelichagua. Nyimbo 14 za albamu hiyo, kwa muda usiofika dakika 40, zinazungumza juu ya uchovu wa kukaa bila kazi, hofu inayomshika mtu bila sababu, na aibu ya ujana. Mambo hayo yalikuwa ya mtaani kwao kabla hawajaijua Reprise, na waliyaimba vilevile baada ya kuijua. Kilichobadilika ni idadi ya wasikilizaji. Kufikia mwaka 1999 albamu ilikuwa imethibitishwa kuuza nakala milioni 10 katika Marekani peke yake.

Tuendelee na hoja ya ukubwa na udogo. Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Aprili, bendi nyingine ya California, The Offspring, ilitoa albamu iitwayo Smash kwa kampuni huru ya Epitaph, iliyoanzishwa na Brett Gurewitz, mpigaji gitaa wa bendi ya Bad Religion. Albamu hiyo nayo iliuza mamilioni, ikawa miongoni mwa albamu zilizouzwa kupita zote ambazo kampuni huru iliwahi kutoa. Hapa hapakuwa na kampuni kubwa ya kulaumiwa. Hata hivyo bendi na kampuni hazikudumu pamoja, na kufikia mwaka 1997 The Offspring walikuwa wakitoa albamu yao kwa Columbia. Kwa upande mwingine, bendi ya Jawbreaker, iliyowahi kutamka hadharani kwamba haitajiunga na kampuni kubwa, ilijiunga na DGC na kutoa Dear You mwaka 1995. Wapenzi wake waliona wamedanganywa, wakaikataa albamu. Kampuni haikupata ilichokitazamia. Mwaka 1996 bendi ikavunjika. Basi utajiri uliweza kuja kwa njia ya kampuni ndogo, na maangamizi yaliweza kuja kwa njia ya kampuni kubwa, na kinyume chake pia. Kipimo kinachotoa majibu yanayopingana namna hiyo si kipimo.

Na Reprise yenyewe ilitoka wapi? Iliundwa mwaka 1960 na mwimbaji Frank Sinatra, aliyetaka uhuru zaidi katika kazi yake kuliko ule aliopewa na kampuni aliyokuwa nayo. Mwaka 1963 aliiuza kwa Warner. Maana yake ni kwamba ngome ile iliyoogopwa na vijana wa Berkeley ilijengwa awali kama kimbilio la msanii mmoja. Jengo halina tabia. Tabia inatokana na anayeshika ufunguo.

Lakini funzo kubwa kupita yote limo katika habari za Lookout!, ile kampuni ndogo ya nyumbani. Baada ya Dookie kuvuma, wasikilizaji wapya walirudi nyuma kuzitafuta albamu za kwanza, na albamu hizo zilikuwa mikononi mwa Lookout!. Fedha zikaingia kwa wingi ambao kampuni haikuwahi kuuota. Kwa hiyo lile lililoitwa usaliti ndilo lililoijaza hazina ya wale waliobaki nyumbani! Livermore aliondoka mwaka 1997. Miaka ikapita, na mrabaha waliostahili wanamuziki ukawa haulipwi ipasavyo. Mwaka 2005 Green Day waliziondoa rekodi zao katika kampuni ile. Lookout! ikapunguza wafanyakazi, ikaacha kutoa santuri mpya, na mwaka 2012 ikafunga kabisa. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali ya kampuni kubwa, wala mali ya kampuni ndogo. Udugu usiokuwa na hesabu haumlishi mtu, na mrabaha usiolipwa na rafiki unauma sawa na usiolipwa na mgeni.

Msomaji na azingatie jambo moja katika habari hiyo. Green Day waliweza kuziondoa rekodi zao kwa sababu walikuwa na haki ya kuziondoa. Haki hiyo haitoki katika urafiki. Inatoka katika makubaliano.

Hapa yafaa tueleze namna mikataba ya kurekodi ifanyavyo kazi, maana wengi huijadili bila kuijua. Kwa desturi, kampuni humpa msanii malipo ya awali. Kijana akiona fedha hizo hudhani amepewa zawadi, kumbe amekopeshwa. Humo hutoka gharama za studio, ujira wa mtayarishaji, sehemu ya meneja na ada ya mwanasheria. Santuri zinapouzwa, msanii huandikiwa mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala. Lakini mrabaha huo kwanza hukatwa kulipia lile deni. Bendi yaweza kuuza maelfu ya nakala na bado ikadaiwa. Mtayarishaji wa muziki Steve Albini aliyaonyesha hayo kwa tarakimu mwaka 1993, katika makala yake mashuhuri kwenye jarida la The Baffler, mwaka uleule ambao Green Day walitia saini.

Tena kuna haki mbili ambazo vijana huzichanganya. Ya kwanza ni haki ya utungo, yaani maneno na sauti za wimbo. Ya pili ni haki ya rekodi, yaani ile kanda ya asili ambayo nakala zote hutolewa humo. Katika mikataba mingi, hata msanii akisha kulipa deni lote la kurekodi, kanda ya asili hubaki mali ya kampuni. Ni sawa na mtu aliyekopa fedha za kujenga nyumba, akalipa hadi senti ya mwisho, kisha nyumba ikabaki kuwa ya aliyemkopesha. Huo ndio unyonyaji wenyewe, nao haupigi kelele jukwaani, bali umekaa kimya katika kifungu cha mkataba. Ukumbi wa Gilman ulilinda mlango wake kwa ushujaa, lakini sheria ile ya mlangoni haikumfundisha kijana kukisoma kifungu hicho.

Na hili ndilo kosa tunalolishutumu. Ukimfukuza msanii kwenu kwa sababu amepata mnunuzi, humwokoi na mnunuzi. Unamkabidhi mikononi mwake akiwa peke yake. Jana alikuwa na jumuiya ya kumshauri. Leo anaye wakili wa kampuni tu. Jumuiya iliyodai kumpinga bepari ndiyo iliyomwondolea bepari mpinzani.

Twaweza kuulizwa, je, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu swali la nani ashike kanda ya asili tunalo hapa nyumbani kwa miaka mingi. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ilikuwa ya jeshi la polisi. Vyombo vilikuwa vya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Utaratibu huo ulikuwa na heri yake, maana ulimpa mwanamuziki mshahara na taifa likapata hazina ya nyimbo. Lakini biashara ya kunakili kanda ilipopamba moto, mwenye mashine ya kunakili alivuna, na mtunzi akausikia wimbo wake sokoni kama msikilizaji mwingine yeyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999. Hata hivyo sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo ni kama mwavuli ulioachwa nyumbani mvua ikinyesha.

Wala wasije watu wakatuambia kwamba kumlipa msanii ni desturi ya kigeni. Methali yetu yasema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza katika methali hiyo ni kumpa mchezaji tuzo palepale uwanjani, mbele ya watu, kwa fahari. Ngoma zetu, taarabu zetu na magungu yetu yote yanaijua desturi hiyo. Mtunzwaji hakuitwa msaliti, na mtunzaji hakudai kwamba tangu sasa wimbo ni wake. Katika methali hiyo fupi yamo mafundisho mawili: kwamba msanii alipwe, na kwamba alipwe na watu wake bila kuporwa alichonacho. Ukumbi wa Gilman ulisahau la kwanza. Makampuni husahau la pili.

Kwa hiyo tunawataka walimu wenzetu waache kuwafundisha wanafunzi kwamba sanaa ya kweli haiulizi bei. Anayesema hivyo mara nyingi ni yule asiyetaka kulipa. Badala yake, kijana anayetunga wimbo afundishwe kuuliza maswali manne kabla ya kushika kalamu. Kanda ya asili itakuwa ya nani, na kwa miaka mingapi? Fedha ninazopewa leo ni malipo au ni mkopo? Nani ataandika hesabu, na mimi nitaruhusiwa kuikagua? Nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Maswali haya yanaweza kufundishwa katika somo la Kiswahili kama zoezi la ufahamu, katika somo la uraia kama haki, na katika hesabu kama asilimia. Hayahitaji vifaa vya gharama. Yanahitaji mwalimu asiyeona haya kuzungumza habari za fedha na wanafunzi wake.

Na tunawaambia wanafunzi: msiwe wepesi wa kumwita mwenzenu msaliti kwa kuwa sauti yake imefika mbali. Mwulizeni kwanza ametia saini nini. Ikiwa ameuza haki yake kwa ujinga, mwoneeni huruma na mjifunze. Ikiwa ameuza wimbo na kubaki na haki yake, mpongezeni.

Mwezi Mei 2015, Green Day walirudi katika ukumbi wa Gilman, zaidi ya miaka 20 tangu wafungiwe mlango. Walipiga muziki kuwachangia wachapishaji na wapiga chapa wa Oakland walioathiriwa na moto. Na mwezi Aprili 2024, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Dookie katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa. Kilichoitwa usaliti mwaka 1994 kikawa urithi baada ya miaka 30. Taifa lolote lenye busara lisingoje miaka 30 kumtambua mtoto wake. Limtunze angali uwanjani, na kabla hajatia saini limfundishe kusoma.